Hewa Iliyofungiwa

Spika isiyo na boksi ni kitu cha kuhurumiwa. Ishike mkononi ikiwa inaimba, hata iwe kubwa kama sinia, utasikia kisauti chembamba cha mbu aliyenaswa ndani ya kopo. Mjomba aliujua huo unyonge wake, na alikuwa na mchezo aliomchezea kila mteja mpya aliyeingia karakana na kuuliza mbao za nini wakati spika anayo.

Mchana huo mteja alikuwa kijana mwembamba aliyekuwa anaanza kazi ya kupiga muziki kwenye sherehe.

"Sogea," Mjomba alimwambia, akipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. "Shika hiyo spika yako. Unasikia nini?"

"Mbona kama imekufa, mzee?"

"Haijafa. Iko uchi tu." Akaipokea, akaishusha taratibu kwenye tundu la boksi lililokuwa juu ya benchi, akaibana skrubu moja baada ya nyingine. Wimbo ulikuwa uleule. Lakini kila skrubu ilipokaza, sauti ilizidi kushuka, ikanenepa, ikajaa karakana nzima mpaka misumari ikaanza kurukaruka ndani ya mikebe yake. Kijana akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefunguliwa mlango na jitu.

"Umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu. Nimefungia tu." Mjomba alifurahi kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. "Spika huimba mbele, na huimba nyuma. Ukiiacha wazi, sauti ya nyuma inazunguka inakuja kuila sauti ya mbele, zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Mimi naifungia ya nyuma. Sikiliza, kijana. Zizi hufungia ng'ombe wasitoke. Banda la kuku hufungia ili kicheche asiingie. Boksi langu hufungia hewa ili sauti itoke. Sasa niambie nani fundi kati yetu!"

Mpwa wake alikuwa kwenye benchi la pili, randa mkononi, amesimamisha kazi. Mtaani walimwita Mama Boksi, na hakukasirika. Kuna akina mama waliopewa majina mabaya zaidi ya hilo. Mchezo huu alikuwa ameuona tangu akiwa mwanafunzi, alipokuja kupiga msasa wakati wa likizo, na mpaka leo vinyweleo vilimsimama. Hewa ileile ambayo watu wanaivuta na kuitoa bila kuikumbuka, ukiijengea kuta nne, paa na sakafu, inapata nguvu ya kutikisa mtaa. Hakuwa amewahi kuzoea. Wala hakutaka kuzoea.

Chini ya benchi lake binti yake alikuwa amekaa, anapanga vipande vya mbao viwe nyumba. Muziki ulipojaa, mteja aliruka, paka wa jirani akatoka mbio, kanda ya kupimia ikadondoka kutoka kwenye msumari ilikotundikwa. Mtoto hakuinua hata kichwa.

Huyo alikuwa Dimpo. Aliitwa hivyo kwa sababu ya vishimo viwili mashavuni, na kwa lugha ya alama jina lake lilikuwa kidole kimoja kinachobonyeza shavu. Ndiyo kwanza meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alizaliwa kiziwi, na wazazi wake walikuja kujua baadaye, akiwa ameshaanza kukimbia, siku daktari alipopiga makofi nyuma ya kichwa chake na yeye akaendelea kuchezea kifungo cha shati la baba yake. Kabla ya siku hiyo Mama Boksi alikuwa mwimbaji wa nyumbani. Aliimba akifua, akipika, akichana mbao. Baada ya siku hiyo aliacha. Hakuapa wala hakulia. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha kumwandalia sahani mtu aliyesafiri.

Tusimsingizie kwamba aliishi kwa huzuni. Walijifunza alama, yeye na mumewe, wakawa wanazungumza na mtoto wao asubuhi hadi jioni. Walitaniana kwa mikono, wakagombana kwa mikono, na Dimpo alipokasirika alijua kufumba macho ili asiambiwe kitu. Kilichomuuma Mama Boksi kilikuwa kimoja, na hakumwambia mtu: kwamba mtoto huyu angekua, angezeeka, na asingeijua sauti ya mama yake. Yeye ambaye mabeseni ya majirani yalitikisika kwa kazi ya mikono yake, hakuwa na namna ya kuifikisha sauti yake mwenyewe hatua mbili chini ya benchi.

*

Shuleni kwa Dimpo mwalimu naye alikuwa kiziwi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono mepesi kiasi kwamba wazazi wapya walimwomba apunguze mwendo, naye akajibu kwamba aongeapo polepole anapata usingizi. Muhula ule alimtaka kila mzazi aje darasani kuonyesha kazi yake. Mshonaji alikuja na cherehani. Mwokaji alikuja na unga, akaondoka darasa zima likiwa jeupe. Ikabaki zamu ya Mama Boksi.

"Utawaonyesha nini?" Mjomba aliuliza. "Kuwapelekea viziwi spika, mwanangu, si ni kama kuwapelekea samaki mwavuli?"

"Nitatengeneza boksi la kukalia," alisema. "Pana, la chini, kama kitanda. Wakae juu. Labda watalisikia kwa mwili."

Hakusema: na mimi nitaimba.

Alilijenga boksi hilo vizuri kuliko alivyowahi kujenga kitu chochote. Alichagua mbao nene, nzito, zisizo na jicho wala ufa. Kila kona aliitia gundi na kuibana kwa vyuma usiku kucha. Ndani aliweka mihimili ya kukatiza, mmoja huku mwingine kule, akatandika pamba ukutani, kisha akapiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu. Alipomaliza, Mjomba alikuja na kipimo chake: glasi ya maji, imejaa mpaka mdomoni. Aliiweka juu ya boksi, akawasha muziki, akafungulia mpaka mwisho. Karakana ilinguruma. Wote wawili wakainama kuyatazama maji. Yalitulia kama yapo kabatini.

Mjomba alizima muziki. Kwa fundi wa maboksi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ubao unaotetemeka unaiba sauti. Unakula nguvu ambayo ingetoka nje. Boksi zuri linanguruma lakini lenyewe halitikisiki.

"Umenipita," alisema mwishowe, akainywa ile glasi ya maji yote ili asionekane macho.

*

Walilisukuma kwa mkokoteni hadi shuleni, wakalipitisha getini, wakaliweka katikati ya darasa. Lilikuwa darasa la kawaida: madirisha ya vioo vilivyolegea, ubao wenye ramani iliyofutwa nusu, kabati la bati la kuwekea chaki ambalo mlango wake haukufungika vizuri. Watoto walivua viatu, wakapanda juu ya boksi, wakakaa wamebanana, wametulia kama wanaosubiri sindano. Dimpo alijiweka katikati kabisa. Lilikuwa boksi la mama yake.

Mama Boksi akashika maiki. Akaanza ule wimbo wa kubembeleza mtoto, ule wenye maneno machache yanayorudiwarudiwa, na sauti yake ikatoka kubwa, nzuri, ikajaa darasa. Mpishi wa shule alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, mdomo wazi.

Watoto walitazamana. Mmoja alinusa ubao. Mwingine alimkanyaga mwenzake makusudi. Adabu ikaendelea kwa muda, kisha mtoto mmoja akaona kitu ukutani: mwanga wa jua uliorudishwa na kioo cha dirisha ulikuwa unacheza. Akashuka, akaenda, akaweka kiganja kwenye kioo. Macho yakamtoka. Akawaita wenzake kwa mikono yote miwili. Dakika hiyohiyo boksi likawa tupu. Walijaa dirishani, waliokosa nafasi wakakimbilia kabati la bati, wakaligundua, wakaling'ang'ania kama nyuki, mashavu kwenye bati, matumbo kwenye bati, wanacheka kwa sauti zao zote. Kila Mama Boksi aliposhusha sauti chini, kabati lilinguruma na watoto wakaruka.

Ni Dimpo peke yake aliyebaki. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili bapa juu ya ubao, amekunja uso, anasubiri. Alisubiri sana. Kisha akamtazama mama yake.

"Imeharibika?" aliuliza kwa mikono.

"Hapana."

"Umewasha?"

"Nimewasha, mwanangu."

Dimpo akaufikiria ubao. Akaupapasa taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa. "Lakini ni laini," akasema. "Umelipiga msasa vizuri sana."

Mama Boksi akazima amplifaya.

Mwalimu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, lakini alipoona uso wa mama huyu alikuja akakaa kando yake juu ya boksi, akaligonga kwa vifundo vya vidole.

"Jiwe," alisema kwa mikono. "Jiwe zuri. Ningepata moja hivi la kulalia mchana ningeshukuru."

"Nimelitengeneza lisitikisike," Mama Boksi alijibu. "Ndiyo kazi yetu. Likitikisika ni bovu."

"Aa! Basi ndiyo maana." Mwalimu alielekeza kidevu kabatini. "Mimi nyumbani najua mtu amebisha hodi kwa sababu meza yangu ina mguu mfupi. Najua lori limepita kwa sababu kitanda changu kimelegea. Vitu vibovu vinaniambia kila kitu. Wewe umetengeneza kitu kizima mno. Umemfungia mtu wako ndani, hata sisi tuliokaa juu yake hatujui yupo."

Njia nzima ya kurudi Mama Boksi alisukuma mkokoteni akiwaza. Halikuwa kosa la uzembe. Angekuwa mzembe, mtoto wake angesikia. Kila mhimili alioukaza kwa upendo, kila tabaka la pamba, vilikuwa vimekwenda kusimama kati ya sauti yake na viganja vile viwili vilivyosubiri.

*

"Nataka kutengeneza boksi bovu," alimwambia Mjomba kesho yake asubuhi.

"Mabovu yamejaa mjini. Wanakuletea hata nyumbani."

"Sitanii, Mjomba. Nataka ubao mwembamba. Bila mihimili. Bila pamba. Litetemeke lote."

Mjomba aliweka msumeno chini. "Mwanangu. Nimekaa karakana hii mpaka nywele zimehama kichwani zimehamia masikioni, nawafundisha watu ubao usitetemeke. Leo damu yangu mwenyewe inaniambia litetemeke."

"Ni kwa ajili ya watoto."

"Ndiyo, watoto. Na watu wakija kuuliza limetoka kwa nani?"

"Nitasema nimeliokota."

"Sema umeliokota mbali," alisema Mjomba, akamgeuzia mgongo.

Akaanza peke yake, na akagundua kwamba kazi mbovu ni ngumu kwa mkono uliofunzwa. Alichukua plaiwudi nyembamba, mkono ukataka kuongeza ya pili juu yake. Alipofika kwenye kona, alijikuta tayari ameshakata mhimili bila kujua, akautupa chini kwa hasira. Aliona kwamba hata nyuma afadhali aache wazi kabisa. Alikuwa amechoka na kufungia. Si kufungia ndiko kulikomponza? Basi na iwe wazi, sauti iende itakako.

Akaunganisha spika, akalaza kiganja juu ya ubao, akaimba kwenye maiki. Ubao ulitetemeka kidogo, kinyonge, kama jani.

Akajaribu tena. Jani lilelile.

Nyuma yake Mjomba alikohoa. Alikuwa amejifanya ananoa patasi muda wote huo, na patasi ilikuwa imeshakuwa kali ya kunyolea ndevu.

"Si nilikwambia siku zote? Umeiacha wazi, hewa inajiendea zake. Inatoka nyuma inacheka. Kwa nini ihangaike kuinua ubao wako wakati mlango upo?"

"Nikiifunga litakuwa jiwe tena."

"Nani kasema?" Alikuja, akapiga magoti kwa shida, akaanza kugonga ubao kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio, kama daktari na kifua cha mtu. Hapa. Pale. Hapa. "Likishindikana, nenda kanilaumu kwa mkeo—"

"Mjomba, mimi sina mke."

"—kanilaumu kwa mumeo basi, usinivuruge. Maisha yangu yote najua ubao hutetemeka wapi, kwa sababu hapo ndipo ninapouzuia. Sasa tutageuza. Chini na pembeni, nene, kama kawaida yetu. Zisisogee hata kidogo. Hewa ibanwe. Paa peke yake liwe jembamba, lishikwe kingoni tu, katikati lisiguswe na kitu. Kila mahali hewa itakapopiga itakuta ukuta. Ikikosa pa kwenda, itainua paa."

Walifanya kazi hiyo pamoja siku nzima, na siku iliyofuata. Walikata vipande vya tairi kuukuu viwe miguu, boksi lisibanwe na sakafu. Kila kiungo walikipaka gundi, kisha wakapitisha njiti ya kiberiti inayowaka pembezoni kutafuta mahali hewa inapovuja; moto ulipoinama, wakaziba. Mjomba alinung'unika wakati wote. Aliulaani ubao ule mwembamba, akauita karatasi, akauita chapa ya aibu, na mtu alipopita mlangoni alilifunika boksi kwa gunia.

Walipomaliza, vumbi la mbao lilikuwa limetapakaa juu ya paa lake. Mama Boksi alinyoosha mkono apanguse, Mjomba akamshika kiwiko.

"Liache. Imba kwanza tuone kama linashika."

Akaimba. Sauti moja, ya chini, ndefu.

Vumbi likaamka.

Lilitambaa. Lilikimbia kutoka hapa, likajikusanya pale, chembe kwa chembe, kana kwamba kila moja imeitwa kwa jina lake, mpaka juu ya ubao ikatokea mistari: iliyopinda, iliyokutana, kama maua yaliyochorwa na mtu mwenye subira. Mama Boksi pumzi ikamwishia na mistari ikasimama palepale. Mjomba akapokea maiki, akatoa sauti yake nzito. Maua yakavunjika. Vumbi likahama kwa haraka, likajipanga tena: mistari michache, mipana, kama ua wa nyumba yenye vyumba vitatu.

"Huyo ni mimi?" Mjomba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiye wewe."

"Mnene hivyo?"

Akaimba tena Mama Boksi, na yale maua yake membamba yakarudi. Alisimama akiyatazama huku anaimba. Tangu azaliwe alikuwa na kitu hiki kifuani, nyuma ya mbavu zake, na hakujua kina umbo. Alijisikia kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka yote na leo ndiyo anaiona kutoka angani. Mjomba alivua kofia. Hakuwa na sababu ya kuivua. Hapakuwa na mkubwa aliyeingia.

Lilibaki swali moja, na hilo karakana isingeweza kulijibu.

*

Safari hii Mjomba alikwenda pia. Alisema anakwenda kuhakikisha hakuna atakayetaja jina lake.

Watoto walipoliona boksi jingine, walitazama kabati lao kwanza, kama watu wanaohakikisha mlango wa dharura upo. Mwalimu ndiye aliyetangulia. Alivua viatu, akalala chali juu ya boksi na ukubwa wake wote, akafunga mikono kifuani, akafumba macho kama maiti. Mjomba akashika maiki, akaipigapiga. Hakuwa na wimbo. "Halo, halo," alisema. "Moja, mbili. Halo."

Mwalimu alifumbua macho. Alibaki hivyo, akitazama dari, na uso wake uliokuwa na utani siku zote ukaacha utani. Mjomba akaendelea na halo zake kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mwishowe Mwalimu akainua mikono juu hewani, alipolala, akasema:

"Kuna mtu anatembea ndani ya mgongo wangu."

Basi hapakuwa na adabu tena. Watoto walipanda, wakalala juu ya Mwalimu, kando yake, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Mjomba akafungua mdomo akaimba kila kitu alichokikumbuka, hata matangazo ya redio, na kila aliposhuka chini kabisa watoto walishika matumbo. Mmoja alilia, akatolewa, akalia zaidi kwa kutolewa, akarudishwa.

Dimpo alilala kifudifudi. Aliweka shavu kwenye ubao, akauzungushia uso mikono yake pande zote, akajifungia humo gizani. Alicheka wakati wa Mjomba mpaka mabega yakatikisika.

Mama Boksi alipokea maiki. Alisogea hadi nyuma ya darasa, mahali ambapo mtoto asingemwona hata angeinua kichwa, kwa sababu hakutaka kupewa kitu kwa huruma. Mtoto huyu aliwahi kumsifia lile boksi lililoshindwa kwa ulaini wake. Leo alitaka ukweli, hata ukiwa mchungu.

Akaanza. Ule wimbo wa maneno machache. Sauti ilikuwa na kutu mwanzoni, ikapasuka, ikajirudi.

Juu ya boksi watoto walitulia. Kilikuwa kitu kingine hiki, walionekana kusema kwa miili yao. Si kutembea tena, ni kama maji. Dimpo hakusogea. Mabega yaliacha kutikisika. Ubeti wa kwanza ukaisha. Mama Boksi akarudia. Mtoto bado yuko kimya ndani ya mikono yake, na mama mtu akaanza kujiandaa moyoni: basi, amehisi mtetemo, si haba, nani alisema lazima iwe zaidi ya hapo.

Kisha mkono mmoja wa Dimpo ukatoka. Uso ulibaki umefichwa, macho yamefunikwa. Mkono peke yake ukainuka, ukasema hewani, bila kumwelekea mtu:

"Mama."

Sauti ilikatika. Mjomba alimkanyaga mpwa wake mguu. "Usinyamaze! Ukinyamaza atajuaje kama amepatia?"

Akaendelea, sijui kwa pumzi ya nani. Dimpo sasa aliinua kichwa, akageuka huku na huku akimtafuta, akamwona nyuma ya darasa na maiki mdomoni. Hakuonyesha kushangaa. Alionekana tu kama mtu aliyefika nyumbani akakuta taa inawaka.

Mama Boksi aliweka maiki chini, akaja akapiga magoti. Akauliza kwa mikono: "Umejuaje ni mimi?"

"Naijua," Dimpo alisema. "Ni ile ya mgongoni."

"Mgongoni wapi?"

Mtoto alimtazama kwa uvumilivu. Akajionyesha: jinsi kitambaa kinavyofungwa kifuani, jinsi mtoto anavyokaa nyuma, jinsi shavu linavyolala kati ya mabega. Kisha akafumba macho na kuchezesha vidole taratibu juu ya shavu lake mwenyewe, kuonyesha kitu kilichokuwa kikipita hapo. "Zamani. Nikiwa mdogo. Ilikuwa kila siku. Halafu ikaisha," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu nimekua."

Mama Boksi aliketi sakafuni. Miezi yote ile kabla ya daktari, amembeba mgongoni, anapiga randa, anaimba. Na huko nyuma, amefungwa kwa kitambaa kwenye ubao wa mgongo wake, mtoto alikuwa anapokea kila kitu. Hakukuwa na ukuta wowote uliozuia. Mwenye kuzima alikuwa yeye.

Alitaka kuomba msamaha, lakini Dimpo hakuwa na muda. Alikuwa ameteremka, ameshaokota maiki, anaipigapiga kama alivyomwona Mjomba akifanya.

"Zamu yangu," alisema. "Wewe lala."

"Mwanangu—"

"Lala. Hivi, shavu chini. Na uzibe masikio. Usidanganye."

Mwalimu akawasogeza watoto, nafasi ikapatikana. Mama Boksi alivua viatu vyake vya kazi, akalala kifudifudi kwenye paa lile jembamba alilolijenga kwa aibu, akaweka shavu. Ubao ulikuwa na joto la watoto. Akaziba masikio kwa vidole, akayafumba macho, na dunia ikaondoka: Mjomba, vioo, mpishi mlangoni, vyote. Akabaki gizani, kimya, asijue kitu kitatokea upande gani.

Kikaja kutoka chini. Kilipanda ndani ya ubao, kikaingia kwenye taya, kikashuka shingoni, kikamjaa kifuani mpaka mbavu zikaitika: sauti ya mtoto wake, ndefu, yenye mikwaruzo, isiyofuata wimbo wa mtu. Mara nyingi alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa masikio, barabarani, na kuona haya watu wakigeuka. Hakujua kwamba ni pana hivi. Hakujua kwamba ina vyumba, na kwamba kulikuwa na nafasi yake humo.

Hakufumbua macho. Alitoa mkono mmoja sikioni, akauinua hewani kama alivyoona wengine wakifanya, akaita jina la mtoto, kidole kwenye shavu. Na chini yake ubao ukacheka.